Oili inavuja: tafuta inapoanzia kabla hujashika spana

Lile tone la oili unalolikuta asubuhi sakafuni, chini ya injini, limesafiri. Huenda lilianzia juu kabisa kwenye kifuniko cha tapeti, likashuka kwenye mapezi ya silinda, likaambaa na ukingo wa kava ya klachi, mwisho likaning'inia kwenye bolti ya kumwagia oili kwa kuwa hapo ndipo chini kuliko pote. Anayeanza akichungulia anaona bolti imelowa, anaikaza. Kesho imelowa tena, anaikaza zaidi. Siku ya tatu bolti inazunguka bure, rezi (mifereji ya kuzungushia bolti) zimekufa, na sasa pikipiki ina mivujo miwili: ule wa zamani ambao haujaguswa, na huu mpya.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ni kutafuta. Kubadilisha gasketi, yaani karatasi au mpira unaoziba kati ya vipande viwili vya injini, ni kazi ya alasiri moja. Kujua ni gasketi ipi, hapo ndipo panapotaka subira.

Mfano wangu ni injini ya aina ya CG125, ile ya fimbo za kusukumia tapeti ambayo Honda waliitoa mwaka 1976. Pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 na 150 zilizojaa barabara za Afrika Mashariki zimeiga injini hiyo, kwa hiyo hata kama tangi limeandikwa jina jingine, ukifungua ndani utakuta ndugu zake. Mwenye Boxer au TVS atakuta kamshafti na cheni yake juu badala ya fimbo, lakini namna ya kutafuta mvujo, kubandua gasketi na kuingiza sili (pete ya mpira inayozuia oili isitoke kando ya shafti) ni ile ile.

Kwanza jua kama ni haraka. Injini inayotoka jasho, yaani yenye unyevunyevu wa oili unaoshika vumbi bila kudondosha, inaweza kusubiri. Inayodondosha haisubiri sana. Piga hesabu: matone 20 hivi hufanya mililita 1. Pikipiki inayodondosha tone moja kila dakika ikiwa inafanya kazi saa 10 kwa siku imepoteza matone 600, sawa na mililita 30. Kwa siku 7 ni mililita 210, na injini hii nzima hubeba karibu lita moja tu. Wiki moja, sehemu ya tano ya oili imekwenda, na dereva asiyechomoa kijiti cha kupimia hana habari. Mvujo wa upande wa sproketi ya mbele ni wa hatari zaidi, kwa sababu oili hufuata cheni hadi nyuma na kuishia kwenye tairi. Huo usiendeshe nao hata siku moja.

Osha, kausha, paka poda

Injini chafu haisomeki. Iache ipoe kabisa, chukua brashi na mafuta ya taa au dizeli, sugua kuanzia juu kushuka chini: mapezi, kiungo cha hedi na bloku, kingo zote za kava, nyuma ya sproketi. Toa kava ya sproketi ya mbele kabisa, maana hapo hujificha tope la grisi na mchanga lenye unene wa kidole. Kisha sabuni ya unga na maji. Funga mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa chujio la hewa na kwenye plagi, na usielekeze maji ya presha kwenye kabureta wala kwenye sili, kwa sababu presha hiyo hupenya midomo ya sili na kuingiza mchanga. Petroli usiitumie kuoshea injini.

Ikikauka, nyunyiza poda ya watoto kwenye viungo vyote unavyovishuku. Safu nyembamba tu, injini iwe nyeupe kama mandazi yaliyomwagiwa unga. Endesha kilomita 5 hadi 10, polepole, usipite kwenye maji, kisha simama na uchukue tochi.

Utakachokiona ni uzi. Poda imebaki nyeupe kila mahali isipokuwa mstari mmoja mweusi, mwembamba juu na mpana chini. Ufuate kwenda juu hadi pale unapoanzia, kwenye nukta ndogo iliyolowa huku poda juu yake ikiwa bado kavu. Hapo ndipo mvujo ulipo. Kama upepo umesambaza oili na huoni mwanzo, osha tena, paka poda tena, safari hii washa injini ikiwa imesimama dakika tano na uangalie bila kuondoka. Usione uvivu kurudia mara tatu.

Angalia pia kwamba unachokiona ni oili ya injini kweli. Oili ya cheni hurushwa kwenye kava ya kushoto na kufanana kabisa na mvujo wa sili ya sproketi. Shokapu za mbele zikivuja, upepo huleta oili yake hadi kwenye mapezi. Kabureta inayofurika huosha upande mmoja wa bloku ukang'aa kuliko mwingine, na harufu yake itakuambia.

Kabla ya kununua gasketi, angalia kama injini inapumua

Hili ndilo linaloachwa na wengi, na ndilo linalofanya sili mpya ivuje baada ya wiki mbili. Pistoni ikishuka inasukuma hewa iliyo chini yake. Kwenye injini ya silinda moja hewa hiyo haina pistoni ya pili ya kuipokea, kwa hiyo kuna bomba dogo la mpira linalotoka kwenye injini kwenda kwenye boksi la chujio la hewa au kuning'inia nyuma. Bomba hilo likizibwa na tope, likikunjwa, au likibanwa na tangi wakati wa kurudishia, presha hupanda ndani na kutafuta njia. Njia iliyo dhaifu kuliko zote huwa ni mdomo wa sili au kona ya gasketi ya zamani.

Lichomoe, lipulize kwa mdomo. Pumzi ipite bila kizuizi. Kisha washa injini ikiwa ya moto, uweke kidole karibu na tundu la injini lililobaki wazi. Kupumuapumua kwa hewa ni kawaida. Ukiona moshi unatoka kwa nguvu, kama mtu anayevuta sigara, na ekzosi nayo inatoa moshi wa bluu, basi ringi (pete za pistoni) zimekwisha na gesi ya mwako inapita pembeni mwa pistoni kuingia chini. Hapo gasketi ya kava haitakusaidia. Kazi yako ni ringi, pengine na silinda, na ni bora kujua hivyo kabla hujatumia pesa.

Oili iliyozidi huleta tatizo lile lile. Kwenye CG kijiti hupimwa pikipiki ikiwa imesimama wima kwenye stendi ya katikati, kijiti kikiwa kimefutwa na kuchomekwa bila kukizungusha kwenye rezi zake. Anayekipima pikipiki ikiwa imeegemea stendi ya pembeni atajaza kupita kiasi, kisha atashangaa inavuja.

Mahali penyewe

Kifuniko cha tapeti kina gasketi ya mpira. Mpira huo ukikaa miaka kwenye joto unakuwa mgumu kama plastiki na kubaki na umbo la bapa. Ukiukunja ukapasuka, umekwisha. Ni kazi rahisi kuliko zote, dakika ishirini, ila usisahau mipira midogo iliyo chini ya vichwa vya bolti zake, nayo huvuja.

Kiungo cha hedi na bloku kwenye injini hii kina jambo lake. Fimbo za tapeti hupita kwenye handaki ndani ya bloku, na oili iliyolainisha tapeti hurudi chini kwa handaki hilo hilo. Ndiyo maana mvujo wa hapo huonekana upande wa fimbo tu, upande mwingine ukiwa mkavu. Kuutengeneza ni kufungua hedi, na kama ni gasketi ya chini ya bloku, kutoa bloku nzima na kukabiliana na ringi za pistoni. Kwa anayeanza nashauri asianze hapo.

Kushoto kuna kava ya magneti, sili ya shafti ya gia, sili ya shafti ya sproketi, na swichi ndogo ya taa ya nyutro yenye oringi ambayo watu huisahau kabisa. Ipo karibu na sproketi, na mvujo wake husingiziwa sili. Kulia kuna kava ya klachi na sili ya kiki. Hivi viwili, kava ya klachi na sili ya sproketi, ndivyo nitakavyokaa navyo, kwa sababu ndivyo vinavyovuja sana na mtu mwenye spana za kawaida anaviweza.

Gasketi ya kava ya klachi

Tafuta gasketi kabla ya kufungua. Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, muuzaji atakuuliza aina ya pikipiki, lakini jina la kwenye tangi linaweza kumdanganya. Mpe namba ya injini iliyochongwa kwenye bloku la chini, au umpelekee picha ya kava. Nunua na sili ya kiki pamoja, maana kava ikiwa mkononi sili hiyo ni kazi ya dakika tano. Oili chukua ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA au MA2 kwenye chupa, 20W-50 au 10W-40 kama kitabu cha pikipiki kinavyosema. Klachi ya injini hii inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo, na oili nyingi za magari zina kemikali za kupunguza msuguano zinazofanya klachi iteleze.

Pasha injini moto kidogo, weka beseni, fungua bolti ya chini kwa spana namba 17, acha oili ishuke yote. Washa (pete bapa) ya bolti hiyo ni ya kubonyea. Weka mpya kila unapofungua. Oili chafu iweke kwenye dumu, isiingie ardhini wala mtaroni.

Sasa toa fito ya kukanyagia miguu iliyofungwa chini ya injini, na mkono wa kiki. Kabla ya kuchomoa kiki, piga alama ya rangi kwenye shafti na kwenye mkono ili urudi kwenye jino lile lile. Bolti yake itoe yote, usiilegeze tu, kwa sababu hupita kwenye mfereji wa shafti na mkono hautatoka. Legeza na waya wa klachi kama umefungwa kwenye kava hiyo.

Chukua kipande cha kadibodi, chora umbo la kava, toboa matundu mahali pa kila bolti. Kila bolti unayoitoa ichomeke kwenye tundu lake. Naomba hili lichukuliwe kwa uzito wote. Bolti za kava hazilingani urefu. Bolti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi hugota mwisho kabla haijabana kava. Wewe unahisi imekaza, kumbe kava imeachia hapo na itavuja, na ukiongeza nguvu bloku linapasuka. Bolti fupi ikiingia kwenye tundu refu hushika rezi tatu au nne tu za alumini, nazo hung'oka. Mivujo mingi ya baada ya matengenezo inatokana na kadibodi ambayo haikuchorwa.

Pikipiki za zamani kabisa zina skrubu za nyota badala ya bolti za namba 8. Skrubu hizo usizizungushe moja kwa moja. Ingiza bisibisi inayojaza kichwa vizuri, gonga kitako chake kwa nyundo mara mbili tatu, kisha zungusha huku umeisukuma kwa uzito wa mwili. Kugonga kule hukata kutu na uchafu ulioshika rezi. Kichwa kikishaliwa, kata mfereji mmoja kwa msumeno wa chuma na utumie bisibisi bapa.

Kava haitatoka kirahisi. Igonge kwa kipande cha mti au nyundo ya mpira pembeni, palipo panene. Usichomeke bisibisi kati ya kava na bloku, hata kidogo tu. Mkwaruzo mmoja wa kuvuka uso ule ni mfereji wa oili, na hakuna gasketi ya karatasi itakayoujaza. Ikianza kuachia, ivute sawasawa na uangalie mambo matatu: pini mbili za kuelekeza, ambazo zinaweza kubaki upande wowote, washa ya shafti ya kiki, ambayo huganda ndani ya kava kwa oili kisha hudondoka usijue ilikotoka, na kwenye baadhi ya injini, kipande kidogo chenye springi katikati kinachopeleka oili kwenye kamshafti ya chini au kwenye krenki. Piga picha kabla ya kugusa.

Ukiwa ndani, kwenye ncha ya krenki utaona chujio la kuzunguka, bakuli lenye kifuniko cha skrubu tatu. Linakusanya uchafu kwa mzunguko. Lifungue ukwangue lile tope jeusi linalofanana na lami. Halihusiani na mvujo, lakini hutafungua hapa tena kwa muda mrefu.

Kubandua gasketi ya zamani ndiko kunakochukua muda, na ndiko kunakoamua kama kazi itashika. Jaza matambara safi ndani ya injini ili vipande visianguke. Lowesha karatasi iliyoganda kwa tina (kiyeyusho cha rangi), subiri dakika kumi, kisha kwangua kwa kadi ngumu ya plastiki au kipande cha mti kilichochongwa. Wembe unafaa ukilazwa kabisa na kusukumwa polepole. Msasa kwenye bloku usitumie, chembe zake huingia kwenye oili. Pitisha kucha kwenye uso mzima ukiwa umefumba macho. Kucha husikia kile jicho lisichoona. Kava nayo ilaze juu ya kioo kinene na uibonyeze kona kwa kona. Ikicheza, bandika msasa wa namba 400 kwenye kioo na uisugue kwa mwendo wa namba 8 hadi uso wote upate rangi moja, kisha uioshe vizuri sana.

Safisha matundu ya bolti. Oili iliyotuama kwenye tundu lisilo na upande wa pili haibanwi. Bolti ikishuka juu yake hupasua alumini.

Gasketi ipake grisi nyembamba pande zote mbili, ishike kwenye pini, ili siku nyingine itoke bila kukwanguliwa. Silikoni sikubaliani nayo hapa. Ile inayoonekana nje ikiwa imetoka kama dawa ya meno, nyingine kama hiyo imetoka ndani. Itakatika, itazurura na oili, na kuziba chujio la waya la pampu. Mwenye pikipiki ataona kava kavu na kufurahi, huku tapeti zikisagika juu kwa kukosa oili. Gasketi ikikosekana kabisa, nunua karatasi ya gasketi ya milimita 0.5 uikate kwa kufuata ile ya zamani.

Rudisha kava, pini zikiwa mahali pake, bolti zote kwanza kwa vidole. Kisha kaza kwa kuruka, moja huku na ya mkabala wake kule, kwa mizunguko mitatu. Bolti hizi za milimita 6 zinataka Nm 10 hivi (Nm, nyutoni-mita, ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Huna spana ya torki? Nguvu hiyo ni sawa na kusukuma kilo 10 mwishoni mwa mkono wa sentimita 10. Kwa hiyo shika spana karibu na kichwa chake, kwa vidole vitatu. Bolti ya kumwagia oili ni milimita 12, inataka Nm 25 hadi 30, na hapo tena mkono unatosha.

Sili ya sproketi

Sili ina namba tatu usoni, kwa mfano 20×34×7: tundu la ndani milimita 20, upana wa nje 34, unene 7. Isome kabla ya kwenda dukani, maana "ya CG" peke yake haitoshi.

Toa cheni na sproketi, safisha mchanga wote unaozunguka shafti. Kwenye CG na nyingi za aina yake sili hutoka kwa nje. Kuna injini ambazo sili ina ukingo ulioshikwa ndani, na hizo hudai bloku la chini ligawanywe. Chungulia kwanza. Itoboe sili kwa bisibisi ndogo yenye ncha iliyopinda, vuta taratibu, usikwaruze shafti wala ukuta wa tundu.

Kisha pitisha kucha kwenye shafti mahali mdomo wa sili ulipokuwa ukisugua. Ukisikia mfereji, sili mpya ikikaa pale pale itavuja tangu siku ya kwanza. Ikalishe milimita moja au mbili tofauti na ile ya zamani, ili mdomo upate chuma kisicholiwa. Zungushia meno ya shafti plastiki nyembamba ya mfuko yasikate mdomo, paka oili, upande wenye springi uangalie ndani kwenye oili. Isukume kwa soketi yenye upana karibu sawa na sili, ukigonga taratibu na kuangalia isiingie kombo.

Halafu jaza injini oili mililita 900, washa dakika mbili, zima, subiri tano, pima kwa kijiti na uongeze kidogo kidogo. Rekebisha waya wa klachi hadi mkono wake uwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 nchani. Osha injini tena, paka poda tena, nenda kilomita 10. Usikaze kava ikiwa ya moto. Ukitaka kuhakiki bolti, subiri ipoe, mara moja tu.

Ukikuta uzi mwembamba mahali papya, usidhani umeharibu. Pikipiki ya zamani mara nyingi ina mivujo miwili, na ule mkubwa ulikuwa ukiuficha mdogo. Kama ni jasho tu, andika tarehe na kiwango cha kijiti, pima tena baada ya kilomita 500, na uamue kwa namba hizo mbili kama kuna haja ya kufungua.